Kiingereza cha Faili: Kisa cha Muuguzi wa Mombasa na Mtihani wa OET

Nimwite Sista. Ameniruhusu kueleza kisa chake, hakuniruhusu kumtaja, na wagonjwa wa wodini kwake hawamjui kwa jina jingine. Ana stashahada ya uuguzi, ile KRCHN ya muuguzi wa afya ya jamii aliyesajiliwa, tunayoijua sote, na miaka 9 ya kazi katika hospitali ya umma Mombasa: mitano wodi ya upasuaji ya wanawake, minne kliniki ya kisukari. Alinijia jioni moja na karatasi ya matokeo iliyokunjwa mara nne. Akaiweka mezani bila kuikunjua.

"Mwalimu, mimi nimesomeshwa kwa Kiingereza tangu nikiwa mtoto. Nimeandika faili kwa Kiingereza miaka tisa. Hii ni nini?"

Nikaikunjua. Kusikiliza 380. Kusoma 330. Kuandika 290. Kuzungumza 320.

Kwa asiyeujua mtihani wenyewe: OET ni mtihani wa Kiingereza wa watu wa afya tu. Ulianzia Australia mwishoni mwa miaka ya 1980, ukiwa na sehemu nne, na kila sehemu hupewa alama kuanzia 0 hadi 500. Daraja B huanza 350, na C+ ni 300 hadi 340. Baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza, NMC, linataka B katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na C+ katika kuandika. Kwa hiyo Sista alifaulu sehemu moja kati ya nne. Katika kuandika alikosa alama 10 tu, na hizo ndizo zilizomkosesha usingizi, kwa sababu alama kwenye OET huhesabiwa kumi kumi. Alikuwa amebakisha ngazi moja.

Ada ya kufanya mara moja inazidi dola 500 za Australia. Aliikopa kwenye Sacco.

Kabla sijaingia kwenye kisa chenyewe, kuna kidonda lazima nikiguse, maana kila muuguzi anayekuja kwangu hukileta. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa wahudumu wa afya kwenda kufanya kazi huko. Miezi michache baadaye waziri wa afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akasema hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 waliopelekwa mtihani wa Kiingereza, 10 tu ndio waliofaulu. Nchi nzima ikacheka. Kiingereza ni lugha rasmi ya Kenya kwa katiba ya 2010, mitihani yote ya uuguzi ni ya Kiingereza, halafu 10? Wengine wakasema wauguzi ni wavivu, wengine wakasema Waingereza wametega mtego. Sista alikuwa kazini siku ile, na daktari mmoja kijana alimtania mbele ya wanafunzi. Alipoketi mbele yangu na 320 ya kuzungumza, utani ule bado ulikuwa unamuuma.

Mimi sikuamini kauli yoyote kati ya hizo mbili, na kisa hiki ni sehemu ya sababu.

Swali la kwanza nililomuuliza halikuhusu mtihani. Nilimwambia: chukua zamu yako ya jana, toka saa moja asubuhi, unihesabie Kiingereza ulichokisema kwa mdomo, na kwa nani. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Raundi ya daktari, kama dakika arobaini, na hapo yeye alijibu zaidi kuliko kusema. Simu ya maabara. Mwanafunzi wa KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, aliyeuliza kuhusu dripu. Basi. Wagonjwa? Kiswahili. Bibi wawili kutoka Kaloleni aliongea nao Kigiriama chake cha kuokoteza. Ndugu wa wagonjwa, Kiswahili. Kiingereza kingine chote kilikwenda kwenye karatasi.

"Kwa hiyo," nikamuuliza, "mara ya mwisho kumbembeleza mtu kwa Kiingereza ilikuwa lini?"

Akafikiri. Akakumbuka mtalii mmoja mzee, Mjerumani, aliyevunjika mkono Diani. Ilikuwa 2017.

Hicho ndicho kisa chote kwa ufupi, lakini ufupi haumsaidii mtu kufaulu, kwa hiyo nifafanue.

Sista alikuwa na Kiingereza, na kingi. Kilikuwa Kiingereza cha faili. Kila muuguzi wa kwetu anakijua: "Pt slept well, no new complaints, wound clean, TCA 2/52." Yaani mgonjwa amelala vizuri, hana lalamiko jipya, kidonda ni safi, arudi baada ya wiki mbili. Ni lugha nzuri kwa kazi yake, haina mbwembwe, muuguzi wa zamu inayofuata anaielewa kwa kutupa jicho. Lakini itazame vizuri. Haina "the" wala "a". Haina "is". Nusu ya vitenzi vimeachwa. Haina mtu anayesema wala anayeambiwa. Ukiandika hivyo miaka 9, ukiwa huongei Kiingereza na wagonjwa, mkono wako unasahau sentensi kamili, na mdomo wako haujawahi kujua utamwambia nini kwa Kiingereza mama anayelia. OET inapima hayo mawili hasa: sentensi kamili, na mtu mbele yako.

Nianze na barua, maana ndiyo iliyokuwa na jeraha dogo.

Sehemu ya kuandika ni dakika 45. Tano za mwanzo ni za kusoma tu, huruhusiwi kuandika, na arobaini ni za kuandika. Unapewa maelezo ya mgonjwa, kurasa kadhaa, kisha unaambiwa umwandikie mtu fulani: daktari, muuguzi wa jamii, mtaalamu wa lishe. Maneno kama 180 hadi 200. Watu wengi wanadhani kazi ni kuyageuza maelezo kuwa barua. Hapana. Maelezo yamewekewa takataka kwa makusudi: upasuaji wa kidole tumbo wa miaka thelathini iliyopita, paka wa nyumbani, binti anayeishi mji mwingine. Baadhi ya takataka hizo ni dhahabu ukimwandikia mtu fulani, na ni takataka kweli ukimwandikia mwingine. Kuchagua ndiyo kazi.

Nilimpa zoezi: mwanamume wa miaka 58, kisukari, kidonda mguuni, anaruhusiwa kwenda nyumbani, barua iende kwa muuguzi wa jamii atakayemtembelea. Sista aliandika maneno 271. Alianza na "I hereby write to humbly refer the above named patient", akaeleza siku ya kulazwa, siku ya pili, siku ya tatu, kidole tumbo, vipimo vyote na tarehe zake. Sababu ya barua ilitokea katika mstari wa mwisho kabla ya sahihi. Mahali pawili alisahau yuko kwenye barua akarudi kwenye faili: "Mobilising well, no fever."

Barua hupimwa kwa vigezo sita. Cha kwanza ni lengo, kina alama 0 hadi 3, na kinauliza kama msomaji anajua mapema kwa nini ameandikiwa. Vingine vitano, vya 0 hadi 7 kila kimoja, ni maudhui, ufupi na uwazi, mtindo unaofaa, mpangilio, na lugha yenyewe. Yaani sarufi ni kigezo kimoja kati ya sita. Sista alikuwa ametumia miezi miwili akikariri sarufi.

Nikamuuliza, "Saa moja jioni, ukimkabidhi mwenzako zamu, unaanzia wapi? Unamwambia huyu mama alilazwa Jumanne akitokea Mtwapa?"

Akacheka. "Namwambia kitanda cha sita muangalie dripu, saa nne apimwe sukari, na kidonda kimeanza kunuka, daktari aarifiwe."

"Sasa muuguzi wa jamii ndiye mwenzako wa zamu. Kesho asubuhi anabisha hodi kwa huyu mzee. Anahitaji kujua nini kabla mlango haujafunguliwa?"

Toka siku hiyo hatukuiita barua tena. Tuliiita kukabidhi zamu. Mstari wa kwanza baada ya salamu: nani, ana nini, ninakuomba umfanyie nini. Halafu hali yake leo. Halafu historia, ile tu inayobadilisha kazi ya kesho. Mzee alikuwa anaishi peke yake na macho yake yameanza kufifia; hilo kwenye maelezo lilikuwa mstari mmoja mdogo, na Sista alikuwa ameliruka, akaandika kidole tumbo. Mtu asiyeona vizuri na anaishi peke yake atajikaguaje mguu? Nilipomuuliza hivyo alijipiga paji la uso. Kliniki ya kisukari ndiyo kazi yake! Angemwona mzee huyo ana kwa ana, hilo lingekuwa swali lake la kwanza. Mbele ya karatasi ya mtihani alikuwa ameacha kuwa muuguzi, akawa mwanafunzi.

Kuhusu "hereby", "humbly", "kindly" na "above named": hizo tulizing'oa moja moja kama magugu. Ni Kiingereza cha barua za ofisi za kwetu, na chimbuko lake ni ofisi za mkoloni. Waingereza wenyewe wamekwisha kuviacha, sisi tumevitunza. Sarufi tulishughulikia makosa manne tu aliyoyarudia kila barua: "he is having diabetes", "discuss about", kuacha "the", na kuchanganya "since" na "for". Makosa manne yakiondoka katika barua ya maneno 190, karatasi inapumua.

Sasa kuzungumza. Hapa nitakaa kidogo.

Ni kama dakika 20. Mazungumzo mafupi ya kufahamiana, ambayo hayana alama, halafu maigizo mawili ya dakika tano tano. Kila moja unapewa kadi na dakika tatu za kujiandaa. Wewe ni muuguzi, aliye mbele yako anaigiza mgonjwa au ndugu yake. Yeye hakupi alama. Sauti inarekodiwa na kusikilizwa na wengine baadaye. Vigezo vya lugha ni vinne. Lakini tangu 2018 kuna vigezo vingine vitano vya mawasiliano ya kitabibu: kujenga uhusiano, kuuelewa mtazamo wa mgonjwa, kuyapa mazungumzo mpangilio, kukusanya habari, kutoa habari. Watu husoma orodha hiyo wakaipita. Mimi nasema ndiyo mtihani.

Kadi ya kwanza niliyompa: mzee hanywi dawa zake za sukari, msadikishe. Mimi nikawa mzee. Sista akakaa wima, akakunja mikono.

"Why are you not taking your medicine?"

Nikasema zinanichafua tumbo.

"You must take them. If you don't take them you will get complications. Don't worry, you will be fine."

Dakika mbili zikaisha. Kadi nayo ikaisha. Tukatazamana. Sarufi ilikuwa safi kabisa, na kama ningekuwa mgonjwa kweli ningetoka pale nikiwa nimeapa kutozinywa tena.

Nikamwambia arudie kadi ileile kwa Kiswahili, kama yuko kliniki, na mimi ni mzee wa Kisauni. Nikawasha simu nirekodi. Mabega yake yakashuka. Hata kiti alikivuta karibu.

"Mzee wangu, shikamoo. Umeamkaje leo? Na ule mguu, umelala nao vipi?" Nikajibu. "Haya, tumshukuru Mungu. Sasa mzee, hizi dawa, hebu tuambiane ukweli mimi na wewe. Zinakushinda wapi?"

Nikasimamisha simu hapohapo. Nikamrudishia alisikilize. Zinakushinda wapi. Hebu litazame swali hilo. Aliyeshindwa ni mzee, lakini lawama imebebeshwa dawa. Halimwulizi kwa nini hanywi; linachukulia kwamba amejaribu, na linataka kujua mahali gumu. Vitabu vya mawasiliano ya kitabibu vinatumia kurasa kumi kufundisha jambo hilo. Sista alikuwa analifanya kila siku kwa maneno mawili, na katika mtihani akalipa ada kuonyesha kwamba halijui.

Hapo ndipo ninapokosana na walimu wengi wa mitihani hii, wanaowaambia wanafunzi waache kufikiri kwa Kiswahili. Kwa muuguzi aliyeiva kazini ushauri huo ni hasara. Utu wake wa kazi upo ndani ya Kiswahili. Ukimwambia akiache mlangoni, anaingia na mikono mitupu na kukariri "you must". Njia tuliyoifuata ni kinyume: kila kadi ilichezwa kwanza kwa Kiswahili na kurekodiwa. Kisha tukasikiliza, na kwa kila sentensi nikamuuliza sentensi hii imefanya kazi gani. Halafu tukatafuta Kiingereza kinachofanya kazi hiyohiyo, hata kama maneno hayafanani kabisa. "Zinakushinda wapi" ikawa "What's been making it difficult for you to take the tablets?" Hakuna neno hata moja la kushinda humo ndani. Kazi ni ileile.

Tulipofanya hivyo wiki mbili, tukagundua mambo ambayo sikuwa nimeyaona hata mimi niliyefanya mtihani huu.

Moja ni hili la majina ya undugu. Kwa Kiswahili Sista anaweza kusema "lete mkono", amri tupu, na hakuna anayeumia, kwa sababu kabla yake kuna "mama" na baada yake kuna "kidogo". Lete mkono kidogo, mama. Adabu yote imekaa kwenye "mama" na "kidogo". Akienda Kiingereza, "mama" haivuki, na "kidogo" haivuki. Inabaki "Give me your hand." Maneno ni yaleyale, adabu imebaki ng'ambo kama abiria aliyeachwa na feri. Kiingereza adabu yake huiweka kwenye kuomba idhini na kulilegeza tendo: "I'd just like to have a look at your hand, if that's all right." Kwa sikio la Sista hayo yalikuwa maneno mengi ya kujidhalilisha. Muuguzi anaomba ruhusa ya kutazama mkono? Ilimchukua muda kukubali kwamba sentensi ndefu ile ndiyo "mama" ya Kiingereza.

La pili ni "pole". Sijui Mswahili angeishije bila neno hili. Umejikwaa, pole. Umefiwa, pole. Umeshinda kazini, pole. Una saratani, pole sana. Neno moja linabeba yote na mwenye maumivu analijaza mwenyewe. Sista alipoligeuza, lilitoka "sorry", na alilitumia kila alipovuta pumzi: sorry, sorry, sorry, mpaka mgonjwa wa kuigiza angedhani hospitali imemkosea. "Sorry" peke yake kwao huelekea kwenye kuomba radhi. Ili iwe pole, lazima uitaje huzuni yenyewe: "I'm sorry to hear you've been in so much pain." Au uache sorry kabisa, utaje unachokiona: "I can see this has been a real worry for you." Kwetu kutaja uchungu wa mtu usoni mwake ni karibu na ukali, unamfunika mtu na pole, humfunui. Kwao ukifunika, anaona hukusikiliza. Tulibishana kuhusu hili jioni nzima, na sikumshinda kwa hoja. Nilimwambia tu kwamba kigezo cha pili cha mawasiliano kinapima hili.

La tatu ni "usijali", dada yake pole. "Don't worry" ikija kabla hujajua mtu anahofia nini, ni kumfungia mlango. Nikampa kanuni ya kijinga lakini inayofanya kazi: hairuhusiwi kusema "don't worry" mpaka kwanza uulize "What worries you most about it?" na usubiri jibu. Usubiri kweli. Wagonjwa wa kadi hutega. Wanasema kitu kidogo pembeni, "my brother had the same thing", halafu wananyamaza. Sista wa kliniki angelidaka hilo mara moja: ndugu yako alikatwa mguu? Sista wa mtihani alikuwa anakimbilia hoja ya tatu kwenye kadi.

Matamshi hayakuwa tatizo kubwa. Lafudhi haikupunguzii alama ikiwa unaeleweka. Lakini mahali pawili palileta utata. Sisi tunayatamka "heart", "hurt", "hut" na "hat" karibu sawa, kwa sababu "a" yetu ni moja. Hebu fikiria "Does it hurt?" na "Is it your heart?" zikitoka kwa muuguzi wa wodi ya moyo. Na mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo "comfortable" yake ilikuwa na silabi nne na mkazo kwenye "ta". Tulifanya maneno thelathini hivi ya kazini, tukaacha mengine.

Kusoma nitakupitisha haraka, maana ugonjwa ulikuwa mmoja. Sehemu A hukupa matini manne kuhusu jambo moja, maswali 20, dakika 15, kisha karatasi zinachukuliwa. Sista alikuwa anasoma tangu mstari wa kwanza, kama alivyofundishwa shuleni, na dakika zikaisha akiwa kwenye matini ya tatu. Dawa: dakika ya kwanza tazama vichwa na majedwali tu, ujue dozi iko wapi na dalili ziko wapi, kisha chukua swali, nenda moja kwa moja, rudi. Ni vile unavyotafuta kipimo cha damu kwenye faili nene daktari akiwa amesimama juu yako. Hilo alilijua pia. Sehemu C ilikuwa ngumu kwa sababu nyingine: makala ndefu zinazouliza mwandishi ana maoni gani, na muuguzi wa kwetu hasomi makala za maoni kwa Kiingereza, anasoma miongozo. Nilimtaka asome moja kila baada ya siku mbili na anitumie kwa sauti ya WhatsApp, kwa Kiswahili, mwandishi anamsuta nani.

Kuna jioni aliyotaka kuacha. Zamu za usiku tano mfululizo, mtoto ana homa, na wakala mmoja alikuwa amempigia simu akimwahidi cheti cha OET "bila kusumbuka" kwa bei ya mitihani miwili. Alinieleza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya mchele. Nilimkumbusha yaliyotokea Ibadan, Nigeria, 2023: matokeo ya kituo kimoja cha mtihani wa kompyuta wa wauguzi yalipoonekana si ya kawaida, NMC ilianza kuyachunguza, na hata wauguzi waliokwisha kufika Uingereza wakajikuta wanahojiwa. Hakusema kitu. Kesho yake alinitumia rekodi ya kadi ya hadithi ya mama na mtoto mwenye pumu, saa kumi na moja alfajiri, nyuma yake jogoo anawika.

Nafasi ya kujifunza aliipata kwenye feri ya Likoni. Kwenda na kurudi, na foleni, ilikuwa zaidi ya dakika arobaini kwa siku, na spika za masikioni. Nilimpa mazungumzo ya Kiskoti na ya Australia, maana kusikiliza kwenye OET husikii mara mbili.

Mtihani wa pili aliufanya miezi saba baada ya wa kwanza. Safari ya kwanza alikuwa amepanda treni ya usiku kwenda Nairobi, akashuka Syokimau usiku wa manane na kuingia mtihani na macho mekundu. Safari hii alikwenda siku moja kabla, akalala kwa shangazi yake Embakasi.

Matokeo: kusoma 370. Kuandika 330. Kuzungumza 390. Kusikiliza 340.

Soma tena hiyo ya mwisho. Sehemu pekee aliyokuwa ameifaulu mara ya kwanza, na ambayo tuliifanyia mazoezi kila siku juu ya maji, ilishuka kwa alama 40 hadi C+. Alinipigia akilia. Nilimwambia akate simu, anywe chai, anipigie tena baada ya nusu saa, kwa sababu nilitaka kuhakikisha jambo kabla sijamwambia.

NMC inaruhusu kuunganisha matokeo ya mitihani miwili, mradi hakuna sehemu iliyoshuka chini ya kiwango cha chini kilichowekwa: C+ katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, C katika kuandika. Mtihani wa kwanza: 380, 330, 290, 320. Hakuna iliyo chini ya hapo. Ile 290 ya kuandika iliyomtesa ilikuwa C. Mtihani wa pili: kusikiliza 340, bado C+. Ukichukua kusikiliza kwa mwanzo na matatu ya pili, amekamilisha. Na muda? Hadi Februari 2023 mitihani miwili ilipaswa kuwa ndani ya miezi 6. Toka hapo ni miezi 12. Yeye alitumia 7. Angefanya mitihani ileile, na alama zilezile, miaka kadhaa nyuma, angekuwa amefeli.

Alipopiga simu tena nilimsomea hesabu hiyo mara tatu.

Nimemuuliza kilichomtokea kwenye kusikiliza. Anasema kulikuwa na mtu anakohoa safu ya nyuma, kikohozi kikavu, na yeye kwa sehemu yote ya B alikuwa anawaza kama huyo mtu amepimwa TB.

Kuhusu kuzungumza, kadi yake ya pili ilikuwa binti wa mgonjwa mzee, mwenye hasira kwamba mama yake ameanguka wodini. Sista anasema alitaka kuanza na "sorry" akajizuia, akauliza kwanza binti aliona nini alipofika. Binti akaongea kwa dakika nzima. "Nikamwacha," aliniambia. "Kama ningekuwa huku ningemshika mkono."

Kwa sasa amemaliza mtihani wa kompyuta wa uuguzi, na OSCE, mtihani wa vitendo, inamsubiri akifika Uingereza, ikiwa atapata mwajiri. Mkopo wa Sacco umebaki miezi mitano.